Madamu na Nchi Yake ya Mezani

Madamu hakuwa na salamu. Ukifika kwake alianza na kosa lako: viatu vyako vina tope, umesimama mbele ya dirisha unamzibia mwanga, jeshi lako uliliacha mahali pabaya Jumapili iliyopita na sasa litakufa njaa. Sisi tuliomzoea pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, tulijua kuwa huko ndiko kukaribishwa, tukaingia. Wasiomzoea waligeuka mlangoni, naye hakuwaita warudi.

Tulimwita Madamu kwa sababu alikuwa amefundisha jiografia upande wa Butembo kabla vita havijamtupa kwetu, na pande zote mbili za mpaka mwalimu wa kike huitwa hivyo. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, likisomwa kwa sauti na mtu mwenye bunduki, na kwa sababu hiyo sitaliandika hapa. Nina hasira ninapoandika haya, na sioni kwa nini niifiche.

Mimi ni Mwislamu wa Kasese, mfanyabiashara wa televisheni na simu. Miaka ile nilifungua ukumbi wa gemu Bwera, karibu na soko. Televisheni zilipangwa ukutani, vijana wakakaa kwenye mabenchi na padi za kuchezea mikononi, wakapigana na majoka, wachawi wa barafu na majeshi ya maiti tangu asubuhi hadi tunafunga. Madamu alipanga chumba cha nyuma, tukagawana ukuta mmoja. Upande wangu ulilipuka mchana kutwa. Upande wa pili alikuwa na vita vyake mwenyewe, na vita hivyo havikuhitaji umeme.

Alikuwa amelaza mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, na juu ya mlango huo amefinyanga nchi nzima kwa udongo wa kingo za mto Lhubiriha: milima, mabonde, vijiji, njia za miguu, na mto wa uzi wa buluu. Askari walikuwa wa udongo pia, warefu kama kidole, aliowachoma kwenye sigiri ileile aliyopikia maharage. Jumapili baada ya misa tulikusanyika pale, watu wazima na kazi zetu, kila mmoja akachagua taifa, tukapigana kwa zamu. Ulisogeza watu wako kwa kupima na kamba. Ulirusha dadu kujua nani ameanguka. Kelele pekee ilikuwa ya Madamu.

Mataifa yalikuwa matatu. Wachumvi waliishi tambarare na waliogopa mvua, kwa kuwa iliwayeyusha. Watu wa Theluji walikaa kileleni na hawakuweza kuteremka kuupita mgomba wa kwanza, kwani joto la huko liliwaua. Washaba waliishi ndani ya mashimo waliyochimba wenyewe; hawakuwahi kuwa na mfalme, na walipoelezwa kazi ya mfalme waliuliza kwa nini mtu mmoja apewe kazi nyingi hivyo. Mtu wa Kasese akisikia haya anaona mara moja chumvi ya ziwani, theluji ya Rwenzori na mashimo ya zamani ya shaba ya Kilembe. Madamu hakukataa kuwa alivitoa hapo. Alisema mpishi huokota kuni popote, lakini chakula kinabaki kuwa chake.

Mchezo wenyewe aliujifunza kwa hasira, kama alivyofanya mambo yake yote. Shuleni kwao padri mmoja mgeni alikuwa na askari wadogo wa madini ya risasi, na Jumamosi alicheza nao mezani pamoja na wavulana. Wasichana waliruhusiwa kuingia kuleta chai. Madamu, wakati huo binti, alijifunza vita vyote vile akiwa ameshika sinia. Alichokidharau ni kwamba vilikuwa vita vya kale vya Ulaya, na kila mtu chumbani alijua tayari nani alishinda. Akaapa kwamba siku akipata meza yake ataweka juu yake nchi ambayo hakuna anayejua mwisho wake, hata yeye.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa chakula. Kabla ya kusogeza jeshi, sharti useme limekula nini na nani amekibeba. Mpinzani wake mkubwa alikuwa dereva wa lori, Mwislamu mwenzangu aliyepitisha mizigo mpakani, mtu mpole nje ya chumba kile na katili ndani yake. Yeye alichukua Wachumvi daima. Siku moja alinyoosha kamba ashambulie.

"Jeshi yako inakula nini leo?" Madamu akamwuliza.

Dereva akajibu kwamba walikula jana, wakashiba.

"Basi leo banabaki."

Na wakabaki. Dereva alikasirika, lakini Jumapili iliyofuata alikuja na msafara wa wabeba maharage uliopangwa vizuri kuliko mizigo yake ya kweli.

Sheria zenyewe hazikutoka hewani. Siku moja alinilazimisha nimpeleke Kyarumba kwa pikipiki, na hatukuwa na shughuli nyingine kule. Alisimama kando ya njia ya mteremko akaangalia wanawake wakishuka na magunia ya kahawa kichwani. Kisha akamfuata mmoja aliyekuwa anapanda na mzigo, mpaka pumzi zikamwishia akaketi juu ya jiwe, amekasirika, akimwuliza yule mama hupumzika wapi. Mama akamwonyesha, akacheka, akaendelea na safari. Jumapili ile tulikuta kamba ya kupimia mwendo wa mlimani imekatwa nusu. Dereva akalalamika kuwa mipango yake yote aliifanya kwa kamba nzima. Madamu akamwambia aende Kyarumba akaulalamikie mlima.

Sheria ya pili ndiyo iliyowafukuza wengi. Askari akianguka, mwenye jeshi alitakiwa kusema jina la aliyeanguka, na nani nyumbani atapelekewa habari. Alisema kwa sauti, mbele ya wote, na mchezo haukuendelea mpaka amesema. Mara ya kwanza nilicheka. Madamu alikunja mikono akasubiri. Dereva naye akasubiri. Nikatafuta jina, nikatafuta mama wa mwenye jina. Kufikia alasiri nilikuwa nimetaja watu wengi kiasi kwamba kilima nilichokuwa nakigombania sikukitaka tena.

Sasa mnaweza kufikiri alivyouona ukumbi wangu. Aliingia siku moja akaenda kusimama nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa anawakata watu panga kwenye lango la ngome. Miili ilianguka, ikakaa kidogo, ikafifia, ardhi ikawa safi. Akamwuliza kijana wale waliokufa wanaenda wapi. Kijana akasema wanafutwa tu, ili mashine isichoke.

"Mashine inachoka," Madamu akasema. "Weye hauchoke?"

Akamwamuru ampeleke yule shujaa ndani ya ngome. Walikuta ukumbi wenye meza ndefu na nyama ya kuchoma tele. Madamu akataka kuona jiko. Walizunguka ngome nzima. Hapakuwa na jiko, kisima, choo wala shamba. Milango mingi ilikuwa picha ya mlango. Sokoni palikuwa na mwanamke mmoja aliyewasalimu kwa sentensi moja, na kila walipompita aliirudia bila kubadili neno. Madamu alimtazama sana yule mwanamke.

"Uyu mama, banamufunga hapa," akasema, akatoka.

Niliudhika. Ule ulikuwa ukumbi wangu. Nikamfuata nikamwambia kwamba zile nchi zimechorwa na watu wengi kwa miaka, kwamba mvua yao inalowesha mawe na jani moja moja linatikisika, na kwamba nchi yake yeye ni udongo wenye nyufa. Ugomvi ule ulituchukua wiki kadhaa, kupitia ukuta na mlangoni na hata sokoni mbele ya watu. Yeye alishika kwamba kwenye mashine wewe ni mgeni: kila kitu kilikwisha amuliwa na watu usiowaona, na ukiuliza kwa nini mto umepinda pale hakuna wa kukujibu. Mezani kwake ukiuliza, ama akujibu, ama mto uhamishwe. Mimi nikamjibu kwamba mezani kwake kila mtu ana sauti mpaka Madamu aanze kushindwa.

Na hilo lilikuwa kweli. Mwanamke yule aliyehubiri majina ya wafu alichukia kushindwa kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Jumapili moja, Wachumvi wa dereva walipokaribia kuuteka mlima wa juu, Madamu akatangaza upepo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na ulivuma kuelekea kwa wapiga mishale wa dereva tu. Dereva aliweka kamba chini akaondoka bila kuaga, akapotea mwezi mzima. Madamu hakuomba radhi. Alimfinyangia mkuu wa Wachumvi mpya, mwenye kofia iliyotariziwa kama ile ya dereva mwenyewe, akampelekea kwa mkono wa dereva mwingine. Jumapili iliyofuata walikuwa wanagombana tena kama kawaida.

Jambo jingine sikumwambia mtu wakati huo. Asubuhi za Jumatatu, kabla vijana hawajaja, Madamu alikuwa anagonga mlango wangu na kuomba ile gemu yenye farasi. Hakupigana. Alipanda farasi akaenda. Alivuka nyika, akafuata mito hadi chanzo, akasimama juu ya majabali kutazama mbali, padi ikiwa mapajani. Nilipomkumbusha maneno yake juu ya mashine, alisema milima yao haina watu lakini inaona mbali kuliko yake, na kwamba nikirudia hayo mbele ya dereva atanipiga. Kisha akaniuliza kwa ukali kwa nini ule mto mkubwa hauna kivuko.

Kulikuwa na swali moja ambalo hukupaswa kumwuliza. Mgeni akiingia, akiona milima na majeshi na kusikia matamshi ya mwenye nyumba, aliuliza kwa huruma: hii ni Kongo? Nimemwona akimtoa mtu nje kwa kumshika mkono wa shati.

"Kongo haiko muchezo," alisema.

Hakutusimulia yaliyompata kule. Tulijua kuwa aliondoka na watu na akafika bila watu. Zaidi ya hapo hakufungua mdomo, nasi hatukulazimisha. Lakini alitaka jambo moja lieleweke: nchi ya mezani aliibuni. Aliibuni kwa akili yake nzima, akaipenda kwa sababu haikuwa mahali popote, na mtu aliyeigeuza kuwa kidonda chake alikuwa anamnyang'anya.

Ndipo akaja mama mmoja wa shirika fulani la misaada, mtu mwenye nia njema na kamera. Akaizunguka meza, akasikia habari ya kutaja majina ya wafu, machozi yakamlengalenga. Akasema hii ni tiba, kwamba wengi waliotoka vitani huponya moyo hivi, na kwamba angependa kuwaleta wafadhili waone. Madamu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Ule padri alichezaka na askari yake miaka mingi," akasema. "Hakuna mutu alisema iko mugonjwa."

Mama yule alijaribu kueleza. Madamu akamfungulia mlango. Nilimlaumu siku ile kwa ukali wake. Leo simlaumu. Mzungu akicheza na askari mezani ni msomi anayestarehe. Mkimbizi akicheza hivyo hivyo ni mgonjwa anayejitibu. Siku hizi nikilifikiria hilo, natamani ningemfungulia mlango mimi.

Kisha ukaja ule mwaka mbaya wa Kasese. Sina haja ya kuueleza. Aliyekuwepo anaujua, na asiyekuwepo atosheke kujua kuwa askari walivamia jumba la mfalme wa milimani, watu wakafa, na kwamba baadaye sentensi yoyote yenye mlima na mfalme ndani yake ilikuwa sentensi ya hatari. Nilimsihi Madamu aifunike meza. Alisema hajaiba kitu.

Askari wa serikali walikuja Jumapili mchana, tukiwa katikati ya zamu ya dereva. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Mkubwa wao alisimama mlangoni akaitazama meza: milima, njia, vijiti vyenye vitambaa, makundi ya watu wenye mikuki.

"Hii iko ramani ya wapi?"

"Haiko ya fasi yoyote, afande," Madamu akasema. "Niliitunga."

Akaonyesha kidole kileleni, akauliza ni nani anatawala pale. Madamu akamjibu ukweli wa mchezo, kwamba kiti kiko wazi kwa sababu wachezaji hawajakubaliana. Nikaona uso wa yule mtu unabadilika. Nikaona pia dereva anarudi nyuma hadi ukutani. Nikaingilia kati.

"Afande," nikasema, "hii ni mchezo ya watoto tu."

Afande akamgeukia Madamu. Nina hakika mpaka leo kwamba alikuwa anamwachia njia. Alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, na alitaka kusikia neno moja tu ili aende zake.

"Haiko ya batoto," Madamu akasema. "Iko ya batu bakubwa."

Basi. Walipindua ule mlango. Waliponda kilichobaki kwa buti, kwa utaratibu, kana kwamba mlima wa udongo ungeweza kusimama tena. Walisoma jina lake kutoka kwenye karatasi yake ya ukimbizi, wakamchukua yeye na dereva. Nilipokimbilia ukumbini kwangu kuchukua funguo za pikipiki niwafuate, nilikuta askari wao mmoja amekaa kwenye benchi langu. Alikuwa ameweka bunduki katikati ya magoti, padi mkononi, anafyatua risasi kwenye televisheni, na vijana wanamwonyesha ni kitufe gani cha kujaza risasi. Alikuwa anafurahia. Mji mzima uliwaka moto kwenye kioo, uliochorwa na watu wa mbali, na hakuna aliyeuliza ni mji wa wapi.

Dereva aliachiliwa mapema. Aliwaambia kwamba ni mchezo wa watoto, wakamwamini, akarudi kwenye lori lake, na tangu siku ile akipita Bwera haegeshi. Simlaumu. Madamu walikaa naye Kasese muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila walipomwuliza aliwaeleza nchi yake vizuri zaidi. Nilimpelekea chakula. Alikula, akarudisha bakuli, na akasema jambo moja tu, kwamba niliiita nchi yake ya watoto.

Nikamwambia ningeiita mavi ya mbuzi kama neno hilo lingemtoa.

"Ungeita," akasema. "Miye singeita."

Nilikasirika. Nimekasirika bado. Sentensi moja, naye angelala kitandani kwake. Ningeletewa tena mchana ule ningeisema tena, na kwa sauti zaidi. Na nikifikiri zaidi, hasira inaruka kutoka kwake kwenda kwa yule aliyemfikisha mahali ambapo mtu mzima lazima ajiite mtoto ndipo aruhusiwe kubuni kitu.

Walipochoka naye walimwachia. Hakurudi Bwera. Sisi tukaendelea na shughuli zetu, na muda si mrefu nikaufunga ukumbi. Vijana walikuwa na gemu kwenye simu zao.

Miaka ilipita kabla sijasikia kuwa anaishi Bulembia, kwenye moja ya nyumba za zamani za wachimbaji wa Kilembe, kwa jamaa wa Butembo. Nikaenda Jumapili moja alasiri. Nilitarajia kukuta kikongwe. Nilimkuta barazani, mikono imejaa udongo hadi viwikoni, juu ya meza kubwa kuliko ile ya kwanza, iliyotengenezwa na seremala kwa kazi hiyo. Akanitazama, akaniambia nimenenepa.

Nikamwuliza kama amepata kichaa. Nilizungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea. Nikamwambia watarudi, na safari hii mimi sileti chakula. Akasema hakuniita nilete. Akasema pia kwamba safari hii hakutaka wasumbuke kukisia, kwa hiyo kabla ya kufinyanga kilima cha kwanza alikwenda mwenyewe ofisini kwao, akaketi mpaka akaonana na mkubwa, akamweleza kila kitu, akawataka walete mtu wa kutazama.

"Na wakaleta?" nikauliza.

Akaelekeza kidevu ndani ya nyumba. Akatoka mwanamume kijana amebeba ndoo ya maji, amevaa shati la kawaida, lakini kwa mwendo na nywele zake hukuhitaji kuambiwa kuwa ni askari. Alinisalimu kwa adabu, akaweka ndoo chini, akaketi upande wa pili wa meza. Madamu akanieleza, mbele yake, kuwa mara ya kwanza alikuja na simu akapiga picha kila pembe, na mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliuliza kwa nini lile bonde halina watu. Akamjibu kwamba halina kwa sababu hakuna aliyewaweka.

"Afande," akamwambia sasa, "bale batu bako ba bonde umebapatia jina?"

Kijana akakohoa. Akanitazama mimi, kisha meza. Akasema amefikiria kuwaita Mashujaa.

"Mubaya," Madamu akasema. "Iyo ni jina ya gazeti. Tafuta ingine."

Akavuta benchi la tatu kwa mguu, akaniashiria niketi. Sikuketi. Nilikuwa bado namwona yule mwingine, kwenye benchi langu, na bunduki katikati ya magoti. Nikamuaga Madamu, lakini alikuwa amekwisha kasirikia kitu kingine kwenye udongo. Nilipofika barabarani niligeuka. Yule ofisa alikuwa amekiinamia kile kibonde kitupu, viwiko mezani, midomo inacheza, anajaribu majina kimya kimya, na Madamu amemsimamia, amekunja mikono, anasubiri.